Nilimkuta Staa Ilala Anachagua Shokapu za Mtumba, Jina Kapuni

Wadau, mjini hapa kuna vitu mtu ananunua huku simu iko juu anajirekodi, na kuna vitu anavinunua ameinamisha kichwa. Rimu mpya zinapostiwa. Tinti inapostiwa. Spika za kwenye buti ndiyo usiseme, mtaa mzima lazima ujue. Ila shokapu? Tena za mtumba? Hapo mtu anapita vichochoroni kama anamkwepa mwenye nyumba siku ya kodi. Akionekana tu, mitandaoni neno ni moja: kafulia.

Leo naongelea shokapu, na nina sababu zangu mbili. Ya kwanza ni mama yangu. Ya pili ni staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi ambaye jina lake linabaki kapuni mpaka naingia kaburini, kwa hiyo msihangaike.

Tuanze na mama. Mama alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na kila baada ya wiki mbili nampeleka kliniki Muhimbili. Sisi tunakaa Goba, na mnaozijua barabara za ndani za Goba hamhitaji maelezo. Daktari alisema aepuke mitikisiko. Sasa mimi gari langu ni IST, ile ya zamani yenye umbo la kiatu, na ilikuwa imefika hatua ya kudunda. Ukiruka tuta moja, unadunda mara nne. Mama alikuwa halalamiki. Anashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, anafumba macho, anasubiri tuta lipite. Mtu anayelalamika unaweza kumjibu. Mtu aliyenyamaza hivyo unamjibu nini?

Fundi wangu alilipima bila hata kufungua boneti. Alikandamiza kona ya gari kwa uzito wake wote, akaachia. Gari lenye shokapu nzima linapanda mara moja na kutulia. Langu lilikwenda juu, chini, juu, chini, kama boti imefungwa gatini. Akazunguka kona zote nne, akafuta mikono. "Dada, zote zimekufa. Unatembelea springi tupu."

Hapa niwaeleze wale ambao huwa mnaitikia tu kwa fundi ili muonekane mnajua. Uzito wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubanwa. Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo sana, ndiyo maana inapunguza mchezo taratibu. Shokapu ikifa, springi inacheza inavyotaka na tairi linakuwa halikai vizuri chini. Tairi lisilokaa chini halikamati breki na halikati kona, kwa hiyo gari linachelewa kusimama na matairi yanalika kwa mabaka. Msidhani ni suala la kiti kuwa laini. Siku mtoto anakatiza barabarani ghafla, utahitaji tairi zote nne ziwe zinagusa lami.

Basi nikaanza hesabu. Mimi ni mpambaji, nawapaka watu nyuso. Mwezi wa harusi nina hela, mwezi usio na harusi nina matumaini. Mfukoni nilikuwa na laki tatu, na kliniki ilikuwa imebaki siku tano. Shokapu mpya orijino kwa kona zote nne, hela hiyo ingeishia mbele tu. Kulikuwa na mpya za bei rahisi, zimo kwenye boksi zuri lenye jina ambalo hata muuzaji alikuwa analisoma kwa kubahatisha. Fundi akatingisha kichwa. Akasema kwa bajeti yangu, ni bora orijino ya mtumba kutoka Japani iliyochaguliwa vizuri. Akarudia mara mbili: iliyochaguliwa vizuri.

Mtumba wa Japani una jina kwa sababu ya sheria zao. Kule gari binafsi likinunuliwa jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Likifeli, halitembei mpaka lirekebishwe. Ukaguzi na matengenezo yana gharama, kwa hiyo wengi huona bora kuliacha gari likiwa bado lina nguvu. Ndiyo hayo mengine yanakuja huku mazima, na mengine yanakatwa vipande yanakuja kama spea. Ila sikieni vizuri: kutoka Japani hakumaanishi ni nzima. Mwenye gari kule naye alikuwa anaendesha, hakuwa analipulizia marashi.

Nikaenda Ilala asubuhi. Kabla sijashuka vizuri nikawa na mawinga watatu. "Sista shokapu? Sista njoo huku, bei ya mama ntilie!" Nikaingia duka moja, kijana akanitolea jozi inang'aa nyeusi tii, kama viatu vya mwanafunzi siku ya kwanza ya shule. "Hizi bado mpya kabisa, sista. IST ni IST tu, zinaingia."

Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja. Kofia imeshushwa, barakoa usoni, dera la kawaida, ndala. Alikuwa ameinama kwenye rundo lake mwenyewe anakagua. Bila kunigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hebu inuse."

Nikamtazama. Wadau, mimi kazi yangu ni nyusi. Nyusi nilizozichora mara moja sizisahau, na zile nilizichora mimi kwa mkono wangu, kwenye uzinduzi wa filamu moja. Akajua nimemjua. Akaweka kidole juu ya barakoa: kimya.

Nikainusa ile shokapu. Ilikuwa inanuka rangi ya kupuliza, tena ya juzi.

"Shokapu iliyotembea haing'ai," akasema. "Wameiosha na petroli kutoa oili iliyovuja, wakapuliza rangi. Na angalia, rangi imefunika namba. Mtu mwenye kitu kizuri anafunikaje namba?"

Kijana wa duka akaanza kucheka cheka. Dada yangu hakucheka. Kumbe marehemu baba yake alikuwa fundi magari Tanga, na yeye utoto wake wote aliumalizia gereji, anashika tochi. Akauliza, "Gari lako frem namba ipi?" Nikamwonyesha picha kwenye simu, maana fundi alinipigisha kabla sijaondoka. Kuna kibati kidogo ukifungua boneti, kimeandikwa modeli na frem namba. Langu linaanza na NCP60.

"Ndiyo hapo," akasema. "IST siyo IST tu. Kuna NCP60 ya injini ya 1.3. Kuna NCP61 ya 1.5. Kuna NCP65, hiyo inavuta matairi yote manne. Halafu kuna mtindo mpya wa kuanzia 2007, huo ni gari lingine kabisa. Ukienda na neno IST peke yake, utauziwa iliyopo. Ukienda na frem namba, wanaangalia kwenye katalogi wanakupa namba ya spea, na hiyo namba ndiyo unaitafuta kwenye chuma."

Akanionyesha namba yenyewe. Kwenye shokapu za Toyota mara nyingi imegongwa kwenye bomba au iko kwenye stika. Tarakimu tano za mwanzo zinasema ni ya upande gani: 48510 ni mbele kulia, upande wa dereva. 48520 ni mbele kushoto. Za nyuma mara nyingi zinaanza na 4853. Tarakimu zinazofuata baada ya kistari ndizo zinatofautisha gari na gari. Ile jozi niliyopewa, tulipokwangua rangi kwa ukucha, zote mbili zilikuwa 48520. Yaani kushoto mbili! Na za mbele kushoto na kulia hazibadilishani, kwa sababu kishikizo cha mpira wa breki kiko upande tofauti. Fundi mwenye haraka angekichomelea au kukifunga na waya, na mimi nisingejua kitu mpaka siku mpira wa breki unasuguana na tairi.

Kijana akasema ni bahati mbaya, zimechanganyika. Sawa, zimechanganyika.

Tukaanza upya, na hapa nawapa kama alivyonipa mimi.

Kwanza, fimbo ya kromu, ile inayoingia na kutoka. Inua kava la mpira linalozuia vumbi uione yote. Pitisha kucha juu yake. Ikiwa na vishimo vya kutu au michubuko ambayo kucha inakwama, iache. Hiyo kutu inakata sili, na sili ikikatika oili inatoka, hata kama leo ni kavu. Na ukiona alama za meno ya plaizi kwenye fimbo, ujue fundi aliyeifungua alikuwa na hasira zake.

Pili, angalia oili. Unyevu mwepesi wenye vumbi karibu na sili siyo kesi kubwa. Ila ikiwa imelowa mpaka inachuruzika, hiyo imeisha. Na ikiwa safi kupita kiasi, unarudi kwenye swali la kwa nini imeoshwa.

Tatu, isimamishe wima, isukume kwa uzito wako mpaka chini, ivute juu. Fanya hivyo mara tano kabla ya kuihukumu, maana nyingi zimelazwa stoo miezi na hewa imeingia pasipotakiwa. Baada ya hapo ikaze mfululizo bila kukatika, kushuka na kupanda. Ukisikia katikati inateleza tupu halafu inakaba, iache. Ikigonga au ikikwaruza ndani, iache. Yenye gesi inarudi juu yenyewe polepole. Ya oili tupu hairudi, na siyo lazima iwe mbovu. Cha msingi jozi ifanane: moja isiwe inarudi na mwenzake imelala.

Nne, sahani inayokalia springi. Kule Japani mikoa ya theluji wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inakula chuma. Gonga ile sahani kwa spana. Ikitoa magamba, usinunue hata kwa bure. Ikikatika njiani, springi inashuka kwenye tairi.

Tano, kama imekuja na springi yake imeshafungwa, huwezi kuisukuma kwa mkono. Hapo angalia fimbo na oili, na mwambie muuzaji aifungue kwa kibanio cha springi, au akuandikie kwenye risiti kwamba ikisumbua unarudisha. Na wewe usijaribu kuifungua nyumbani. Ile springi ina nguvu ya kukutoa meno.

Sita, ukisikia neno "imejazwa oili" au "imechajiwa", sema asante, ondoka. Hiyo imetobolewa, ikamwagiwa oili yoyote, ikachomelewa. Itakaa wiki.

Tulipekua maduka matatu. La tatu kulikuwa na mzee mmoja, duka lake chafu, vitu vyake havina rangi wala mbwembwe, ila kila shokapu imesimama wima na kikaratasi cha namba. Nikapata jozi ya mbele, 48510 na 48520, zilizotoka gari moja. Za nyuma nikapata pia. Mbele laki moja na thelathini, nyuma elfu sabini, risiti juu na namba zimeandikwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, "Funga, tembelea wiki, ikidunda nirudishie."

Sasa tukiwa tunasubiri za kwake ziletwe kutoka stoo, nikamuuliza lile swali ambalo na nyie mnalo. Dada, wewe? Si una Harrier? Si tunakuona?

Akashusha barakoa kidogo apumue. Akasema mwaka jana alipanda bajaji mara moja tu, kwa sababu ya foleni, mtu akampiga picha. Jioni alikuwa ametrendi. Kafulia, kaachwa, gari limechukuliwa na benki. Kampuni moja iliyokuwa inataka awe balozi wa bidhaa yake ikakata mawasiliano wiki ileile. Hakuna aliyemwambia sababu, na yeye hakuuliza.

"Tangu hapo nikawa naogopa kuonekana na kitu cha kawaida," akasema. "Gari likaanza kudunda, nikampa hela kijana wa mtu aninunulie shokapu mpya. Akaniletea zilizopakwa rangi, akala chenji. Nilikuwa natoka Bagamoyo usiku, mvua, na mwanangu amelala nyuma. Lori likasimama ghafla mbele. Nikakanyaga breki, gari likawa linarukaruka tu halikamati. Tulisimama nusu mita, mdogo wangu. Mwanangu hakuamka hata."

Akapandisha barakoa.

"Wale wanaocheka kwenye simu hawakuwepo pale kunikanyagia breki. Toka siku ile spea nachagua mwenyewe. Ila bado najificha, nisikudanganye. Hela ya matangazo ndiyo inamlipia mtoto shule."

Sikuwa na la kumwambia. Nilimsaidia kubeba, na nilipofika kwenye gari lake nikaona ameliegesha mbali, mtaa wa pili kabisa.

Jumamosi fundi akafunga. Nilinunua kava za vumbi na vigomeo vya mpira vipya vya elfu ishirini, kwa sababu vitu hivyo vya mtumba huwa vimeoza na ni upuuzi kuokoa hapo. Alizisukuma kila moja mara kadhaa zikiwa wima kabla ya kufunga. Bolti za chini za nyuma alizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limeshushwa chini kwenye matairi yake, ili bushi zisikae zimejikunja. Ufundi elfu arobaini. Kisha nikapeleka gari kupima alaimenti, elfu ishirini na tano, maana ukifungua shokapu za mbele pembe ya tairi inahama. Jumla laki mbili na themanini na tano. Elfu kumi na tano iliyobaki ikawa mafuta ya kwenda Muhimbili.

Siku ya kliniki mama akaingia, akakaa, akashika mpini kwa mikono miwili kama kawaida. Tuta la kwanza, macho amefumba. Tuta la pili hivyohivyo. La tatu akafumbua jicho moja. Tulipofika lami mkono mmoja ulikuwa umeshuka, anatafuta pipi kwenye pochi. Akaniuliza, "Mwanangu, umebadilisha gari?" Nikamwambia hapana mama, shokapu tu. Akasema, "Hizo ndizo zilikuwa zinaniua?" Akaendelea na pipi yake.

Sijawaambia mnunue mtumba. Mwenye hela ya orijino mpya, nunua, kapostiwe, tutalike. Ninachosema ni kwamba ule mzaha wetu wa kafulia una bei yake. Mtu anayeogopa kuonekana anachagua spea atamtuma mtu, na aliyetumwa ataleta inayong'aa. Mtu anayeogopa kuuliza atakubali IST ni IST tu. Na mimi nimekaa saluni miaka, nawajua wengi wenye magari ya picha ambao matairi yao yamelika kwa mabaka. Nawapaka, nanyamaza, nasali wafike nyumbani.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujawasha gari, kandamiza kona ya boneti, achia, hesabu. Likipanda mara moja likatulia, mshukuru Mungu. Likidunda mara tatu, piga picha kibati, andika namba, nenda mwenyewe mchana kweupe.

Na ukimkuta dada mmoja wa kofia na barakoa ananusa shokapu, msalimie, muulize swali, usitoe simu.

Tukutane kwenye komenti. Semeni gari lako linadunda mara ngapi. Anayeuliza jina lake sijibu.